Utunzaji wa Vali na Oili katika Injini ya Trekta la Dizeli

Katika nyanda za Dodoma na Singida mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi mwezi wa Aprili. Udongo ukiisha kulowana, mkulima ana majuma machache ya kulima na kupanda. Akichelewa, mtama na mahindi yake hukutwa na kiangazi kabla ya kukomaa. Kwa sababu hiyo trekta la kijiji au la chama cha ushirika likifa mwezi wa Desemba, hasara yake si bei ya vipuri peke yake. Ekari nyingi zilizokwisha kuandikishwa hubaki bila kulimwa, na wenyewe hurudi kwenye jembe la mkono wakati nusu ya mvua imekwisha pita.

Injini nyingi hazifi kwa ajali ya ghafula. Hufa polepole, kwa muda wa miezi, huku zikitoa alama ambazo kila mtu huziona lakini huzifasiri kinyume. Dereva husikia vali zikigonga, akaingiwa na hofu. Fundi akazikaza mpaka zikanyamaza, na wote wawili wakaridhika. Siku nyingine dereva huchomoa kijiti cha kupimia oili, akakuta oili imepanda juu ya alama, akafurahi kwamba trekta lake halili oili. Katika mambo haya mawili, lile lililowaridhisha ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Sababu zake si za kifundi tu; ni mambo ya fizikia na kemia yanayofundishwa katika shule za sekondari, na mwalimu aweza kuyatumia darasani hata kama shule haina trekta.

Kazi ya vali

Mfano unaofaa ni injini ya Perkins ya silinda 3 iliyofungwa katika trekta la Massey Ferguson 135. Trekta hilo lilianza kutengenezwa mwaka 1964, na utengenezaji wake Uingereza ulikoma katikati ya miaka ya 1970. Lakini mengi yangali yakilima na kuvuta matela katika Afrika ya Mashariki, na wanafunzi wengi wamepata kuliona barabarani hata kama hawakulijua jina. Injini yake ina ujazo wa lita 2.5. Kila silinda ina vali 2, moja ya kuingizia hewa na nyingine ya kutolea moshi, jumla vali 6.

Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina plagi hizo. Pistoni hubana hewa tupu mpaka ujazo wake ubaki kiasi cha sehemu 1 ya 18 ya ujazo wa kwanza, na hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500 za sentigredi. Mwanafunzi aliyewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo anaijua kanuni hii kwa kiganja chake. Papo hapo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo dizeli huwaka yenyewe kwa joto la hewa hiyo. Injini ya namna hii haina kibiriti kingine ila mbano wa hewa, na mbano hauwezi kupatikana ikiwa vali hazikufunga sawasawa.

Kazi hukamilika kwa mapigo manne ya pistoni: kuvuta hewa, kuibana, kusukumwa na mwako, na kutoa moshi. Mapigo manne ni mizunguko 2 ya krankshafti, na katika mizunguko hiyo kila vali hufunguka mara 1 tu. Ndiyo maana kamshafti, ambayo ndiyo ifunguayo vali, huzunguka kwa nusu ya mwendo wa krankshafti. Injini ikienda mizunguko 2,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 1,000 kwa dakika, yaani mara 60,000 kwa saa. Katika saa 250 za kulima imekwisha kufunguka na kufunga mara milioni 15.

Nguvu ya kuifungua hupita njia ndefu. Nundu ya kamshafti huinua tapeti; tapeti husukuma fimbo; fimbo huinua ncha moja ya roka; na roka, ambayo hucheza kama pembea ya watoto, hubonyeza mkia wa vali kwa ncha yake ya pili. Kufunga si kazi ya roka. Kufunga ni kazi ya springi, nayo springi huweza kuifanya kazi hiyo pale tu ambapo roka imeuachia kabisa mkia wa vali.

Nafasi ya unene wa karatasi tatu

Kwa sababu hiyo, vali ikiwa imefunga, kati ya ncha ya roka na mkia wa vali hapana budi pawe na nafasi. Katika injini hii nafasi hiyo ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi, au milimita 0.25 ikiwa imepata moto. Kurasa tatu za daftari zikibanwa pamoja hukaribia unene huo wa kwanza.

Kinachofanya nafasi hiyo ihitajike ni kutanuka kwa metali. Fimbo ya chuma yenye urefu wa milimita 100 ikiongezewa joto la nyuzi 100 hurefuka kwa milimita 0.12 hivi. Vali ni ndefu kuliko fimbo hiyo, na kichwa cha vali ya moshi, wakati trekta linapolima kwa nguvu zake zote, huweza kupita nyuzi 600. Ni kweli kwamba kichwa cha silinda na bloku navyo hutanuka, na hivyo kurudisha sehemu ya nafasi iliyopotea. Lakini havifiki joto la vali, kwa maana vimezungukwa na maji ya kupozea. Tofauti kati ya kutanuka kwa vali na kutanuka kwa vyombo vinavyoizunguka ndiyo inayomeza nafasi. Tufe la shaba na pete yake, ambavyo vimo katika maabara nyingi za shule, huonyesha jambo hili hili: tufe lililopita katika pete likiwa baridi hukwama likiisha kupashwa moto.

Sasa ichukuliwe kwamba fundi ameikaza skrubu ya roka hata hakuna nafasi yoyote. Injini ikiwa baridi huenda ikawaka vizuri, tena kwa utulivu unaopendeza. Baada ya nusu saa ya kuvuta plau, vali ya moshi imerefuka, mkia wake umeegemea roka, na kichwa chake hakikai tena juu ya kiti chake. Pengo linalobaki ni dogo kuliko unywele. Lakini kupitia pengo hilo gesi ya mwako hupenya kwa kasi na kwa moto mkali kila pistoni inaposukumwa.

Hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Vali ya moshi haina maji yanayoipoza. Yapata robo tatu ya joto lake huondoka kwa kupitia kiti, pale kingo za kichwa chake zinapogusana na chuma cha kichwa cha silinda. Kiasi kinachosalia hupitia shina. Katika mwendo wa mizunguko 2,000 kwa dakika, mapigo yote manne huchukua sekunde 0.06, na vali huwa imefunga kwa karibu theluthi mbili za muda huo, yaani sekunde 0.04. Huo ndio muda wa kupumzika na kupoa. Vali isiyogusa kiti sawasawa hunyimwa hata muda huo mfupi. Joto lake hupanda, nayo ikipanda joto hurefuka zaidi, na ikirefuka zaidi huzidi kuachana na kiti. Mwisho wake ukingo wa vali huungua na kumeguka kipande. Hapo hakuna marekebisho ya bisibisi yatakayosaidia: sharti kichwa cha silinda kifunguliwe, vali isagwe au ibadilishwe.

Vali yenye nafasi kubwa mno ina makosa yake pia. Hufunguka kwa kuchelewa na kufunga mapema, haiinuki kwa kimo chake kamili, hewa inayoingia hupungua na moshi mweusi huongezeka. Roka huugonga mkia wa vali kama nyundo badala ya kuubonyeza, na sehemu zinazogusana hulika. Lakini vali hiyo angalau hufunga, na mlio wake humwita fundi. Kati ya makosa mawili hayo, linalosikika ndilo jepesi. Fundi anayerekebisha vali kwa kusikiliza, akikaza kidogo kidogo mpaka mlio ukome, huwa ameliondoa kosa dogo na kuliweka kubwa mahali pake.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba nafasi haiongezeki tu kwa kulika kwa roka na tapeti. Kiti cha vali nacho hulika, na kichwa cha vali huzama ndani yake. Kikizama, mkia hupanda juu kuelekea roka na nafasi hupungua. Kwa njia hii injini ambayo haikuguswa na mtu yeyote huweza kuingia katika hali ya vali kukaza, bila mlio. Dalili yake ya kwanza mara nyingi huonekana asubuhi: trekta lililokuwa likiwaka kwa kuguswa huanza kusumbua, hutoa moshi mweupe, na hupaswa kusukumwa au kuvutwa. Mara nyingi betri hushutumiwa kwanza, kisha nozeli, na fedha hutumika kwa vyote viwili kabla mtu hajafikiri kuufungua mfuniko wa vali, kazi ambayo haina gharama ila gasketi moja.

Namna ya kupima

Chombo kinachohitajika ni fila geji, yaani kifungu cha vibati vyembamba vya chuma, kila kimoja kimeandikwa unene wake. Pamoja nacho huhitajika spana ya nati ya kukazia, bisibisi, na kitambaa safi. Ni afadhali kazi ifanywe asubuhi, kabla injini haijawashwa, kwa kuwa injini iliyopoa ina joto moja mahali pote, hali injini ya moto hupoa mikononi mwa fundi wakati angali akipima vali ya pili.

Kabla ya kuizungusha injini, waya wa betri hufunguliwa na kishikio cha kuzimia huvutwa ili dizeli isipite. Mfuniko wa vali husafishwa kwa nje kwanza. Vumbi linalodondokea ndani wakati wa kufungua huingia katika oili, na madhara yake yataelezwa mbele.

Sasa sharti ipatikane hali ambayo vali zote mbili za silinda moja zimefunga kabisa, yaani pistoni iko juu mwishoni mwa pigo la kubana. Njia iliyo rahisi ni kuzungusha krankshafti kwa spana huku fundi akitazama roka za silinda ya kwanza. Utafika wakati ambapo vali ya moshi inamaliza kupanda na vali ya hewa inaanza kushuka, hata roka zote mbili huonekana zikicheza pamoja. Hapo pistoni iko juu, lakini mwishoni mwa pigo la kutoa moshi. Krankshafti ikizungushwa mzunguko 1 kamili kutoka hapo, pistoni hurudi juu mwishoni mwa pigo la kubana, na vali zote mbili za silinda hiyo huwa huru kupimwa.

Kutoka silinda moja hadi inayofuata ni hesabu tu. Mapigo manne ni nyuzi 720 za mzunguko. Silinda ni 3. Basi kila silinda hupokea zamu yake baada ya nyuzi 240, yaani theluthi mbili za mzunguko. Mpangilio wa kuwaka katika injini hii ni 1, 2, 3. Silinda ya kwanza ikiisha, krankshafti huzungushwa theluthi mbili za mzunguko, silinda ya pili hupimwa. Kisha theluthi mbili nyingine kwa ya tatu. Katika injini za silinda 4 zenye mpangilio wa 1, 3, 4, 2 kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa vali za silinda ya nne zikicheza pamoja, za kwanza ziko huru, na za kwanza zikicheza, za nne ziko huru. Hali kadhalika ya pili na ya tatu. Mwanafunzi akitakiwa kueleza kwa nini injini ya silinda 3 haina jozi za namna hiyo, atakuwa ameelewa mapigo manne kuliko yule aliyekariri majina yake.

Kibati cha milimita 0.30 hupitishwa kati ya roka na mkia wa vali. Nafasi ni sawa ikiwa kibati chapita kwa kukwama kidogo, kama karatasi inayovutwa kutoka chini ya kitabu chepesi. Kikipita bila kugusa, skrubu hukazwa. Kikikataa kupita, hulegezwa. Baada ya nati kukazwa, hapana budi kupima mara ya pili, maana nati ikikazwa huivuta skrubu na kuibadili nafasi. Fundi asiyepima mara ya pili hajapima.

Kuna hila moja ambayo imewakosesha hata mafundi wazoefu. Ncha ya roka iliyotumika miaka mingi huwa na kishimo mahali inapougusa mkia wa vali. Kibati, kwa kuwa ni bapa, hupita juu ya kishimo kama daraja juu ya mto, na nafasi ya kweli ni kubwa kuliko iliyopimwa. Vali hiyo itaendelea kugonga ingawa vipimo vyote ni sahihi, na hapo ndipo kishawishi cha kuikaza kwa sikio kinapomrudia fundi. Dawa yake ni kusawazisha ncha ya roka karakana, au kuibadilisha.

Mfuniko ungali wazi, injini yaweza kuwashwa kwa mwendo wa polepole ili ionekane kama oili inafika kwenye roka. Sehemu hii ndiyo ya mwisho katika safari ya oili, na hufikiwa kwa shinikizo dogo. Oili ikiwa nzito kwa uchafu, au njia zikianza kuziba, roka huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kukaukiwa. Roka zilizokauka na kubadilika rangi huonyesha hali ya oili kabla shinikizo halijashuka katika geji.

Oili hufanya nini

Wengi hujibu kwamba oili hulainisha, na jibu hilo ni kweli. Krankshafti inapozunguka kwa kasi haigusani na beringi zake. Huelea juu ya utando wa oili wenye unene wa sehemu chache za elfu za milimita. Lakini oili hufanya zaidi ya hayo. Huchukua joto kutoka pistoni, ambako maji hayafiki. Huziba nafasi kati ya ringi na silinda. Hupunguza makali ya asidi. Na hubeba uchafu.

Katika kazi hii ya mwisho jicho hudanganywa tena. Oili mpya ikitiwa katika injini ya dizeli hugeuka nyeusi baada ya saa chache tu, na mwenye trekta hudhani kwamba ameuziwa oili mbovu. Weusi huo ni masizi ya dizeli. Oili iliyotengenezwa kwa injini za dizeli ina dawa zinazoishika kila chembe ya masizi na kuizuia isishikane na nyingine, ili zote zielee mpaka siku ya kumwagwa. Oili iliyobaki nyeupe kwa muda mrefu huenda imeyaacha masizi hayo yashikamane na pistoni na kujaza mikondo ya ringi. Rangi nyeusi, basi, si hoja ya kumwaga oili. Wala kukosekana kwake si hoja ya kuibakiza.

Dawa hizo huisha. Salfa iliyomo katika dizeli ikiungua hutoa gesi ambayo, ikikutana na maji, huwa asidi. Maji nayo hayakosekani: lita 1 ya dizeli ikiungua hutoa karibu lita 1 ya maji, kwa kuwa haidrojeni ya mafuta huungana na oksijeni ya hewa. Sehemu kubwa hutoka kama mvuke katika bomba la moshi. Lakini injini inayowashwa kwa dakika kumi na kuzimwa, bila kupata joto lake, huacha mvuke ugande kuwa maji ndani ya sampu. Trekta linalotumiwa kuchota maji kisimani asubuhi na jioni huweza kuharibu oili yake upesi kuliko lile linalolima kutwa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia mwaka 2015 kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na mzigo wa asidi umepungua sana. Mzigo wa masizi, maji na vumbi uko pale pale.

Uzito wa oili huonyeshwa kwa namba za SAE. Oili hupungua uzito inapopata joto: oili ya kawaida ya injini katika nyuzi 40 ni nzito karibu mara kumi kuliko ilivyo katika nyuzi 100. Katika nchi za joto injini za aina hii hutumia SAE 30 au 40, au oili ya 15W-40 ambayo haibadiliki sana uzito wake kati ya asubuhi ya baridi na mchana wa jua. Herufi iliyo koponi nayo husomwa. Kundi la API linaloanza na C ni la injini za dizeli. Linaloanza na S ni la petroli.

Oili inapoongezeka

Oili ikipungua kidogo kidogo, sababu yake hujulikana: hupita kwenye ringi, au huvuja. Dereva huongeza, na mambo huendelea. Lakini oili haizaliwi ndani ya injini. Ikiwa imepanda juu ya mahali ilipokuwa jana, na hakuna mtu aliyeongeza, basi kuna kitu kingine kilichoingia, nacho ni dizeli au maji.

Dizeli huweza kuingia kwa kupitia kiwambo kilichopasuka cha pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka tangi, au kwa nozeli inayochuruzika. Hufanya oili kuwa nyepesi kama maji, utando wake hukatika, na beringi huanza kugusana na krankshafti. Pua hulitambua jambo hili kabla ya jicho. Maji huingia kwa gasketi iliyoungua au kwa mipira ya laina iliyochakaa, na oili huwa ya rangi ya maziwa au ya chai ya maziwa. Trekta lenye dalili yoyote kati ya hizi halifai kuwashwa hata kwa kumalizia shamba lililobaki. Kipande hicho cha shamba chaweza kugharimu krankshafti nzima.

Majaribio mawili yanafaa kwa darasa. Katika la kwanza, tone la oili iliyotumika hudondoshwa juu ya karatasi ya kukaushia wino na kuachwa usiku kucha. Oili ambayo dawa zake zingali na nguvu huyatawanya masizi sawasawa, na doa huwa la kijivu mpaka pembeni. Oili iliyochoka huyaacha masizi katikati kama mboni ya jicho, nyeusi na yenye ukingo mkali. Katika la pili, ambalo hufanywa na mwalimu mwenyewe akiwa amevaa miwani ya kujikinga, tone moja hudondoshwa juu ya bati lililopashwa moto: oili yenye maji hupasukapasuka kwa mlio, isiyo na maji hufuka kimya.

Vumbi, saa na daftari

Mchanga wa kwatzi hukwaruza kioo, na ni mgumu kuliko chuma cha kawaida. Ukichanganyika na oili huwa kama ile dawa ambayo mafundi husagia vali, ila hapa husaga silinda, ringi na beringi bila kukoma. Njia yake kuu ya kuingia ni hewa. Trekta la mfano huu lina chujio la hewa lenye bakuli la oili: hewa hupita juu ya oili, vumbi hunaswa. Wakati wa haro katika udongo mkavu bakuli hilo hufunguliwa kila siku, tope lililotuama hutolewa, na oili hutiwa mpaka kwenye alama, si zaidi. Likijazwa kupita alama, injini huweza kuinyonya oili hiyo na kuifanya mafuta yake. Hapo huenda kasi yenyewe bila kutii kishikio cha kuzimia.

Kongwa yenyewe ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mpango mkubwa wa kulima karanga. Matrekta mengi ya kwanza yalikuwa yamekwisha kutumika, mabaki ya vita. Udongo ulipokauka uligeuka mgumu kama saruji. Mafundi na vipuri vilikuwa haba. Katika miezi ya kwanza tu sehemu kubwa ya mashine hizo ilikuwa imelala karakana, na mwaka 1951 mpango uliachwa. Lingekuwa kosa kuzibebesha vali na oili lawama za mvua, udongo na mipango mibaya. Hata hivyo hesabu ya ekari ilifanywa kabla ya hesabu ya saa za injini, na kosa hilo halikuishia Kongwa.

Oili huhesabiwa kwa saa za kazi, si kwa miezi. Vitabu vya matrekta ya aina hii kwa kawaida hutaja muda kati ya saa 125 na 250, kwa kutegemea oili yenyewe na ukali wa kazi. Trekta linalolima saa 10 kwa siku hufikisha saa 250 katika siku 25. Desturi ya kumwaga oili mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, huiacha injini ifanye kazi ya msimu mzima kwa oili iliyokwisha choka. Katika matrekta mengi ya zamani mita ya saa huendeshwa na injini yenyewe, hivyo injini ikienda polepole mita nayo huenda polepole. Na mita ikiwa imekufa, jambo la kawaida sana, saa huandikwa kwa mkono kila jioni.

Oili humwagwa injini ingali na moto wa kazi, trekta likiwa mahali tambarare, ili masizi na tope vitoke pamoja nayo. Chujio la oili hubadilishwa wakati huo huo na mpira wake, maana chujio la zamani hubakiza uchafu wa kutosha kuichafua oili mpya. Baada ya kujaza, injini huwashwa kwa mwendo mdogo hadi geji ionyeshe shinikizo, huzimwa, na baada ya dakika kumi kijiti husomwa tena. Kujaza kupita alama ya juu si akiba. Krankshafti huipiga oili iliyozidi mpaka iwe povu, na povu halibebi beringi.

Oili iliyomwagwa hukusanywa katika debe lenye mfuniko. Ina kemikali zinazoweza kuleta kansa ya ngozi kwa mtu anayeishika kwa miaka mingi, kwa hiyo mikono huoshwa kwa sabuni, si kwa dizeli. Debe hilo haliwekwi karibu na kisima.

Daftari la trekta halihitaji kuwa zuri. Mistari mitatu kwa siku yatosha: saa zilizofanywa, oili iliyoongezwa, na mahali oili iliposimama kwenye kijiti kabla ya kuongezwa. Vali zikipimwa, nafasi iliyokutwa huandikwa kabla ya kurekebishwa, kila vali na namba yake. Kwa mfano, vali ya moshi ya silinda ya pili iliyokutwa na 0.30 mwezi wa Juni, 0.22 mwezi wa Desemba na 0.15 Juni iliyofuata, ingawa kila mara ilirudishwa kwenye kipimo chake, inazama katika kiti chake. Fundi anayeusoma mstari huo ana muda wa kuagiza vali mpya na kuifungua injini wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa matupu.